Brauza gani uweke kwenye kompyuta ya nyumbani: mwongozo hatua kwa hatua

Haipiti wiki sijaulizwa. "Kaka nimenunua laptopu, niweke brauza gani?" (brauza ni ile programu ya kufungulia intaneti). Mwingine anasema Chrome inamlia RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kompyuta) yote ahamie wapi, mwingine kasikia Opera inapunguza bando, mwingine mtoto wake kabonyeza sijui nini na sasa kila akifungua intaneti anakutana na matangazo ya ajabu. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja kwa meseji mpaka vidole vinauma, kwa hiyo leo naandika yote sehemu moja, ukisoma hapa taratibu na kufuata hatua utamaliza kazi jioni moja na hutahitaji kumpigia fundi.

Nianze na hili kwa sababu ndo linapoteza watu muda. Swali la "brauza gani ni bora" halina jibu mpaka ujue mashine yako ikoje, bando lako likoje na nani anakaa mbele ya hiyo kompyuta. Laptopu ya RAM 4GB inayotumiwa na mama wa nyumbani kuangalia mapishi YouTube na mtoto wa kidato cha tatu kutafuta past papers, jibu lake ni tofauti na la mtu ana mashine mpya ya RAM 16GB na faiba ya kulipia kwa mwezi. Kwa hiyo usikubali mtu akwambie "weka hii" bila kukuuliza kitu kwanza.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Kompyuta yenyewe, na chaji au umeme wa uhakika wa saa moja hivi.
- Bando la kutosha. Faili la kuinstoli brauza nzima linaweza kuzidi MB 100, na ukijaribu mbili zidisha.
- Paswedi ya imeili yako uwe unaikumbuka. Nasisitiza, UWE UNAIKUMBUKA, usitegemee kwamba brauza imeitunza, maana tunaenda kuhama.
- Kikaratasi na kalamu.
- Kama kompyuta mnatumia wengi, waambie wenzio kwamba leo unagusa brauza, asije mtu akakuta bukumaki zake (anuani za kurasa alizotunza) hazipo akadhani umefuta makusudi.

Hatua ya 1: Ijue mashine yako

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, bonyeza Enter. Kitatokea kidirisha kinakwambia una Windows gani. Iandike. Halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, nenda "Performance" kisha "Memory", pale juu kulia utaona una RAM kiasi gani. Iandike nayo.

Ukiwa na Windows 10 au 11 uko salama kuendelea. Windows 10 yenyewe Microsoft walisitisha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ila brauza kubwa bado zinaendelea kuapdetiwa juu yake. Ukikuta ni Windows 7 au 8, hapo tuongee kwa umakini kidogo. Chrome ya mwisho kukubali Windows hizo ni toleo la 109, la mwanzoni mwa 2023, baada ya hapo hakuna kitu kipya. Firefox walibaki na toleo la 115 ESR (toleo la kukaa muda mrefu) kwa ajili ya watu hao hao. Sasa mtu anaweza kuendelea kuitumia na kurasa zikafunguka, ila brauza isiyopata apdeti ni mlango ambao kitasa chake kimelegea na kila mwizi wa mtaa ameshajua. Mashine ya namna hiyo usiingilie benki, usiweke kadi. Ipeleke ikawekewe Windows mpya kama inabeba, au Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa badala ya Windows, ambayo mashine nyingi za zamani zinaibeba vizuri na Firefox inakuja nayo.

Hatua ya 2: Andika nani anatumia na anafanya nini

Usiruke hatua hii ukaona ni ya kitoto. Chukua kile kikaratasi uandike majina ya watu wa nyumbani, na mbele ya kila jina kazi mbili au tatu anazofanya kweli. Mfano: baba, imeili na kulipia bili kwa control namba. Dada, maombi ya mkopo wa chuo na Ajira Portal. Mdogo, YouTube na gemu. Na chini kabisa andika intaneti inatoka wapi, hotspoti ya simu, modem, au waya.

Ukishaandika hivyo utajikuta jibu limeanza kujitokeza lenyewe. Nyumba ya hotspoti inataka brauza inayozuia matangazo. Nyumba ya watu watano kwenye mashine moja inataka kutenganishana. Nyumba ya mashine dhaifu inataka brauza inayolaza vichupo visivyotumika (vichupo ni zile kurasa ulizofungua zinazojipanga juu).

Hatua ya 3: Chagua mbili, moja kuu na moja ya akiba

Hapa nitakaa kidogo.

Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba Chrome, Edge, Opera, Brave na Vivaldi zote zimejengwa juu ya msingi mmoja unaitwa Chromium, wenye injini (sehemu inayochora kurasa) inaitwa Blink. Opera walihamia huko 2013, Edge wakahamia Januari 2020. Ni kama pilau la nyumba tano ambazo zote zimenunua mchele duka moja, tofauti iko kwenye viungo. Firefox ina injini yake inaitwa Gecko, na Safari ya Apple ina WebKit. Hii ina maana gani kwako? Ina maana kwamba kama ukurasa fulani umegoma kwenye Chrome, kukimbilia Opera mara nyingi hakutakusaidia maana ni mchele ule ule. Ndio maana nasema brauza ya akiba itoke familia nyingine. Kama kuu yako ni ya Chromium, akiba iwe Firefox. Kama kuu ni Firefox, akiba iwe Edge ambayo tayari iko kwenye Windows yako hata huhitaji kuidaunlodi.

Sasa moja moja.

*Chrome.* Ndiyo wengi wameizoea, tovuti nyingi zinajengwa na kujaribiwa juu yake, na kama simu yako ni Android vitu vyako vinafuatana simu na kompyuta bila shida. Ubaya wake, inapenda RAM, hasa ukiwa mtu wa kufungua vichupo ishirini. Na kitu kingine, ile ekstensheni (kiprogramu cha kuongezea ndani ya brauza) maarufu ya kuzuia matangazo, uBlock Origin kamili, Chrome hawaikubali tena baada ya kubadilisha sheria zao za ekstensheni, imebaki ile nyepesi inaitwa uBlock Origin Lite. Lite inafanya kazi, ila nguvu zake ni pungufu.

*Edge.* Watu wanaidharau kwa sababu wanaikumbuka Internet Explorer, ambayo Microsoft waliizika rasmi tarehe 15 Juni 2022. Edge ya leo ni kitu kingine kabisa. Kwa laptopu ya RAM 4GB mimi huwa naanza nayo, sababu ya kwanza ipo tayari hivyo hujachoma bando, ya pili inalaza vichupo usivyovitumia yenyewe bila kuambiwa. Kinachokera ni ule ukurasa wa kwanza uliojaa habari na picha, kila ukifungua kichupo kipya unalipia picha hujaziomba. Dawa yake iko hatua ya 6.

*Firefox.* Hii ya Mozilla, toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2004, na kwangu ndiyo chaguo la nyumba ya hotspoti, kwa sababu uBlock Origin kamili inakubali. Fungua ukurasa wa habari wenye matangazo manne na video inayojicheza yenyewe, kisha ufungue ule ule kwenye Firefox yenye uBlock, utaona kwa macho yako. Video haipo, matangazo hayapo, na vile vitu havikufichwa tu, havikushuka kabisa, maana yake bando halijaguswa. Ubaya wake, mara moja moja utakutana na tovuti imeandikwa "tumia Chrome", na ndiyo maana kuna akiba.

*Brave.* Hii imejengwa na kampuni ya Brendan Eich, yule aliyetengeneza JavaScript mwaka 1995. Inazuia matangazo tangu siku ya kwanza bila kuongeza kitu, na ukiwa umetoka Chrome hutapotea maana sura ni ile ile. Kuna vitu vya sarafu za kidijitali vimewekwa humo ambavyo nyumbani havina kazi, vizime uendelee. Kumwekea mzazi ambaye hataki kujifunza ekstensheni ni nini, Brave ni nzuri sana.

*Opera.* Tuelewane vizuri hapa kwa sababu swali la bando linatoka hapa. Inayobana bando ni Opera Mini ya kwenye simu, ambapo ukurasa unapita kwanza kwenye kompyuta za Opera, unakamuliwa, halafu unakuja kwako ukiwa mdogo. Opera ya kompyuta ya leo haina kibano hicho. Ina kizuia matangazo na ina hiyo wanayoita VPN ya bure, ya kuficha unatokea wapi mtandaoni, ambayo inafanya kazi ndani ya brauza peke yake, programu nyingine zote za kompyuta haizigusi. Sio mbaya, ila usiiweke kwa kudhani bando litakaa mwezi.

*Vivaldi.* Ya mtu anayependa kupanga kila kitu mwenyewe. Kwa nyumba ya watu wengi sioni ulazima.

*Safari.* Kama una Mac unayo tayari, na kwenye laptopu ya Apple inatunza chaji vizuri. Kwenye Windows Apple waliiacha tangu 2012, ukikuta mahali wanakupa "Safari ya Windows" achana nayo.

Kwa hiyo kwa ufupi: Mashine ya zamani ya RAM 4GB, Edge kuu na Firefox akiba. Hotspoti na bando la kuhesabu, Firefox kuu na Edge akiba. Mashine nzuri na simu ya Android, Chrome au Brave kuu na Firefox akiba. Usiweke tano. Nimekuta laptopu ina brauza sita na zote zinajiwasha asubuhi, halafu mtu analalamika kompyuta nzito.

Hatua ya 4: Idaunlodi kwa wenyewe

Kosa kubwa kuliko yote linafanyika hapa. Mtu anaandika "download chrome" kwenye sehemu ya kutafuta, anabonyeza tokeo la kwanza kabisa, na tokeo la kwanza mara nyingi ni tangazo la kulipiwa, linaweza kuwa la mtu yeyote. Andika anuani mwenyewe pale juu: google.com/chrome, firefox.com, brave.com, opera.com. Bila mzunguko.

Faili likishashuka, kabla hujalifungua, libonyeze kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Properties" halafu "Digital Signatures". La Chrome lazima lioneshe Google LLC, la Firefox Mozilla Corporation, la Brave Brave Software. Ukikuta sehemu hiyo haipo kabisa au jina ni la ajabu, lifute hapo hapo usione aibu.

Kingine, usikubali kuwekewa brauza kwa flashi ya mtu hivi hivi. Kama mnataka kuokoa bando kwa kompyuta tatu za nyumbani, daunlodi mwenyewe lile faili kamili la kuinstolia bila intaneti, liangalie sahihi yake kama nilivyosema, ndo ulizungushe kwa flashi yako.

Hatua ya 5: Hamisha vitu vyako

Usifute brauza ya zamani! Narudia, usifute bado. Fungua mpya, ingia kwenye setingi zake, kwenye kisanduku cha kutafuta cha ndani ya setingi andika "import", itakuletea sehemu ya kuvuta bukumaki, historia na mara nyingi paswedi kutoka brauza nyingine. Weka tiki, subiri, halafu hakiki mwenyewe kwa kufungua bukumaki mbili tatu.

Paswedi zikigoma kuhama, unaweza kuzitoa kwenye brauza ya zamani kama faili la CSV na kuliingiza kwenye mpya. Tahadhari, faili hilo lina paswedi zako zote zimeandikwa wazi kama barua, yeyote akilifungua anazisoma. Ukishamaliza lifute, na ulifute na kwenye Recycle Bin pia. Na usijitumie kwa WhatsApp.

Siku utakayofuta ya zamani, Chrome itakuuliza kama ufute na data zako pia. Kile kiboksi usikitie tiki kama huna uhakika kila kitu kimehama.

Hatua ya 6: Setingi za lazima

Hizi zinachukua dakika kumi na zina faida kuliko mabishano yote ya brauza ipi ina kasi.

Ya kwanza, notifikesheni. Mwaka jana mama mdogo alinipigia akiwa ameogopa kweli, anasema kompyuta imeingiwa na virusi na kwenye kona kunatokea maandishi mekundu kila dakika yanamwambia alipie la sivyo picha zake zitafutika. Nikaenda. Mashine haikuwa na kirusi hata kimoja. Nilifungua setingi za Chrome, "Privacy and security", "Site settings", "Notifications", nikakuta orodha ndefu ya tovuti ambazo kwa nyakati tofauti zilimwomba ruhusa naye akabonyeza "Allow" ili aendelee kusoma, tovuti za nyimbo, za ratiba za mpira, za umbea, na mojawapo ndiyo ilikuwa inamtisha. Nikaziondoa zote, nikachagua tovuti zisiruhusiwe hata kuomba tena, ikaisha. Wala hakulipa senti, lakini alikuwa ameshauliza jinsi ya kulipa. Kwa hiyo zima notifikesheni leo, kwenye brauza yoyote andika "notifications" kwenye kisanduku cha setingi utapafika.

Ya pili, kulaza vichupo. Chrome nenda "Performance" uwashe "Memory Saver". Edge tafuta "sleeping tabs". Kwenye RAM 4GB hii ndo inaleta tofauti unayoihisi.

Ya tatu, kujiendesha kimya kimya. Chrome, sehemu ya "System", zima ile ya kuendelea kufanya kazi ukishaifunga. Edge nayo ina "Startup boost" na ya kuendelea nyuma, zima zote mbili kama mashine ni dhaifu.

Ya nne, ule ukurasa wa habari wa Edge. Fungua kichupo kipya, bonyeza alama ya gia pembeni juu, sehemu ya "Content" izime. Kurasa zitafunguka nyeupe na kimya.

Ya tano ni ya watu wa hotspoti, na hii ni ya Windows yenyewe: nenda setingi za mtandao, bonyeza jina la hotspoti uliyounganisha, washa "Metered connection". Windows itapunguza kujivutia vitu vikubwa kwa siri. Watu wengi wanalaumu brauza kwa bando lililoliwa na apdeti za Windows. Na YouTube punguza ubora wa video uwe 360p au 480p, maana hakuna brauza itakayokuokoa ukiangalia 1080p kwa hotspoti.

Ya sita, kizuia matangazo. Firefox weka uBlock Origin, Chrome na Edge weka uBlock Origin Lite, Brave inazuia yenyewe. Moja inatosha. Ukiweka vizuia viwili vitapigana na kurasa zitavunjika.

Kuhusu watoto na profaili. Brauza zote hizi zinaruhusu kila mtu awe na profaili yake, bukumaki zake na akaunti yake, na inasaidia sana watu wasichanganyiane vitu. Lakini profaili haina kufuli. Mtoto akibonyeza picha ya baba anaingia kwa baba. Kama kuna benki au barua za kazi, mtengenezee mtoto akaunti yake ya Windows kabisa, yenye paswedi tofauti na yako.

Hatua ya 7: Ijaribu siku saba kwa kazi zako

Achana na vipimo vya kasi vya mitandaoni. Chukua kile kikaratasi cha hatua ya 2, na kila mtu afanye kazi zake zile zile kwenye brauza mpya wiki nzima. Dada ajaze fomu yake, baba atoe bili aiprinti, mdogo aangalie katuni. Kila kinapogoma kitu, kiandike chini. Mwisho wa wiki ukiona kilichogoma ni kimoja na kwenye brauza ya akiba kinakubali, baki nayo. Ukiona vimefika vinne vitano, badilisha, akiba iwe kuu.

Hatua ya 8: Ifanye iwe ya kufunguka yenyewe

Setingi za Windows, "Apps", "Default apps". Windows 11 tafuta jina la brauza yako, libonyeze, halafu juu kuna kitufe "Set default". Windows 10 shuka mpaka "Web browser" uchague. Hapo linki za kwenye imeili zitafunguka unapotaka.

Kwa simu sitakaa sana. Android, Firefox inakubali uBlock Origin hata huko na hilo kwa mtu wa bando ni jambo kubwa, Chrome haina ekstensheni, na ile njia yake ya kubana data waliiondoa 2022. Opera Mini ni nzuri ya kusomea habari, ila mambo ya benki na fomu fanyia brauza ya kawaida kwa sababu kule kwenye kubana sana vitufe vingi vinakufa. iPhone, kwa huku kwetu brauza zote zinatumia injini ya Safari ndani, kwa hiyo hangaika kidogo tu.

Na hili la dirisha la siri, incognito: linaficha historia kwa watu wa nyumbani wanaotumia mashine hiyo hiyo, basi. Kampuni inayokuuzia intaneti na mwenye mtandao wa ofisini bado wanaweza kuona tovuti unazoingia.

Ikikugomea

*"Your connection is not private" kila tovuti.* Angalia saa na tarehe ya kompyuta kabla ya kitu kingine chochote. Laptopu nyingi za mtumba kibetri chake kidogo cha ndani kimekufa, ukichomoa chaji ikazima inarudi miaka ya nyuma, na brauza ikiona leo ni 2012 inakataa vyeti vyote vya usalama. Rekebisha tarehe, kurasa zitafunguka hapo hapo, halafu fundi akubadilishie kibetri. Ila kama saa iko sawa na onyo linatokea kwenye tovuti moja tu, hasa ya pesa, usilazimishe kuingia.

*Bili au risiti haifunguki ukibonyeza.* Brauza imezuia dirisha jipya. Tazama mwisho wa sehemu ya anuani kulia, kuna kialama kidogo, kibonyeze uruhusu kwa tovuti hiyo peke yake.

*Kitufe cha fomu hakibonyezeki.* Zima kizuia matangazo kwa tovuti hiyo, pakia upya kwa Ctrl na F5. Bado? Jaribu dirisha la siri. Bado? Hapo ndo akiba inapofanya kazi yake. Na fomu ndefu andika majibu yako kwanza kwenye Notepad, usiandikie moja kwa moja, intaneti ikikatika unaanza upya.

*Imekuwa nzito ghafla.* Kwenye Chrome na Edge bonyeza Shift na Esc ukiwa ndani ya brauza, utaona kichupo gani kinakula nini, kimalize hicho. Firefox andika about:processes pale juu.

*Ukitafuta kitu inakupeleka kwenye tovuti usiyoijua.* Kuna ekstensheni imeingia. Fungua orodha ya ekstensheni, ondoa kila usiyoikumbuka. Isipokoma, Chrome ina "Reset settings", inarudisha setingi za mwanzo na haifuti bukumaki wala paswedi.

*Bukumaki zimepotea zote.* Tulia kwanza, angalia picha ya profaili juu kulia. Mara nyingi umeingia kwenye profaili ya mtu mwingine, zako ziko salama upande wa pili.

*Nimefuta historia na paswedi zimeondoka.* Ukibonyeza Ctrl, Shift na Delete linakuja dirisha la viboksi. Cha paswedi kitoe tiki kabla ya kufuta. Kama zimeshaondoka na ulikuwa umewasha kusawazisha na akaunti (sync), kufuta huko kunaweza kuwa kumefika mpaka kwenye simu, kwa hiyo zima data ya simu kabla hujafungua brauza ya huko, kisha uzinakili unazozihitaji.

*Imeandikwa "Managed by your organization" wakati ni kompyuta yangu ya nyumbani.* Hii inawatisha watu na mara nyingine wana haki ya kutishika. Andika chrome://policy au edge://policy pale juu. Inaweza kuwa antivirasi yako imeweka sheria moja, hiyo haina neno. Ila kama laptopu ni ya mtumba kutoka ofisi fulani ya nje na ukakuta orodha ndefu ya sheria ambazo hukuziweka wewe, kubadilisha brauza hakutasaidia kitu, nakili mafaili yako pembeni na Windows ifutwe iwekwe upya kabisa, ndo urudi hatua ya 1.